Ukifunga daftari, kinabaki nini? Shajara ya mradi wa mazoea ya kusoma

Wiki ya 1

Mradi huu umeanzia kwenye daftari la mwanafunzi. Alikuja ofisini baada ya matokeo kutoka. Ameanguka famakolojia, somo la dawa, kwa mara ya pili, na akaliweka daftari mezani kabla hata sijamkaribisha kiti. Kurasa zote zilikuwa za manjano. Si mstari mmoja mmoja uliopigwa rangi, ni karibu kila neno.

"Mwalimu, nimelisoma hili mara nne," akasema. "Usiku wa kuamkia mtihani sikulala. Nikiwa nalo mkononi naelewa kila kitu. Nikipewa karatasi ya maswali, najiona kama mambo haya sijawahi kuyaona."

Nikamwambia aongeze bidii. Akashukuru, akaondoka, nami nikabaki na jibu langu. Nilikuwa muuguzi kabla ya kuwa mkufunzi. Wodini dawa isipomsaidia mgonjwa hatuongezi dozi kwa kubahatisha; tunauliza kama ugonjwa ndio huo, kama dawa ndiyo hiyo, anaimezaje, saa ngapi. Mwanafunzi huyu sikumuuliza hata swali moja.

Basi tumekubaliana kuuliza. Tunataka kujua mazoea ya kusoma ya wanafunzi wa fani za afya (uuguzi, utabibu, famasia, maabara) yanahusiana vipi na matokeo yao. Tuko watatu: mimi, mwenzangu anayefundisha sayansi ya maabara, na ndugu yetu wa takwimu, ambaye alikubali kwa sharti moja tu, kwamba tumshirikishe kabla ya kukusanya data na si baada ya mambo kuharibika.

Swali kuu nililoandika usiku ule lilikuwa hili: "Kwa wiki unasoma saa ngapi nje ya vipindi?" Naliacha hapa lilivyo, nisije nikasahau tulianzia wapi.

Wiki ya 2

Kusoma, kusoma, kusoma. Na tayari swali langu limeanza kulegea.

Mwaka 2005 Ashby Plant na wenzake, akiwamo Anders Ericsson aliyefahamika kwa tafiti zake kuhusu mazoezi ya wabobezi, waliandika makala inayouliza kwa nini muda wa kusoma hautabiri GPA, yaani wastani wa alama, ya mwanafunzi wa chuo. Hawakusema kwamba muda hauna maana. Waliona kwamba saa peke yake hazisemi kitu mpaka uzipime pamoja na mambo mawili: ubora wa kusoma kwenyewe, na mwanafunzi alikuwa na uwezo gani alipoingia. Ukiyatia hayo kwenye hesabu, ndipo muda unapoanza kuonekana. Nikifikiri juu ya darasa langu, naona wanavyopishana: kuna anayekaa maktaba kuanzia asubuhi hadi taa zizimwe, simu ikiwa juu ya kitabu, na kuna anayekaa saa moja na nusu akiwa amejifungia chumbani. Swali langu la mwanzo lingempa wa kwanza alama zote za bidii.

Makala ya pili niliyoisoma mara mbili ni ya Marcus Credé na Nathan Kuncel, ya mwaka 2008. Walikusanya sampuli 344 kutoka tafiti za watu wengine, zenye jumla ya wanafunzi 72,431, wakayaita mazoea, stadi na mitazamo ya kusoma kuwa nguzo ya tatu ya matokeo ya chuoni, ikisimama karibu na nguzo mbili zinazojulikana zaidi, yaani alama za shuleni kabla ya chuo na mitihani ya kujiunga. Hilo limenitia moyo. Alama za mtu za zamani siwezi kuzibadili, na mtihani wa kujiunga umeshapita. Mazoea yanafundishika.

Mtu wa takwimu akaongeza jambo ambalo silioni likitajwa vya kutosha tunapozungumzia wanafunzi wa afya. Hawa wote walichujwa. Aliyeingia kozi ya utabibu alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri shuleni kwao. Kwa hiyo tunalinganisha watu wanaokaribiana, na mahali ambapo watu wanakaribiana, uhusiano wowote utaonekana mdogo kuliko ulivyo kwa watu wote. "Msije mkakata tamaa mkiona namba ndogo," akatuonya. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili.

Wiki ya 3

Leo nimesoma kitu kilichonifanya ninyanyuke kitini.

Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo walipewa jozi 40 za maneno wajifunze, neno la lugha wasiyoijua pamoja na maana yake kwa Kiingereza. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Mashua, na maana yake. Maneno tunayoyatamka bila kufikiri ndiyo yaliyotumika kupima kumbukumbu ya watu ambao kwao ni sauti tupu.

Wanafunzi wote walisoma na kupimwa kwa mizunguko, mpaka kila neno liwe limekumbukwa walau mara moja. Tofauti ilikuwa katika kinachofanyika neno likishakumbukwa. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kuulizwa. La pili halikulisoma tena lakini liliendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma bila kuulizwa. La nne likaliacha kabisa, kama mwanafunzi anavyoweka alama ya vema na kufungua mada inayofuata.

Baada ya wiki moja wakaitwa tena. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Kundi lililoendelea kusoma bila kuulizwa lilikumbuka asilimia 36, na lile lililoacha vyote asilimia 33. Nimezitazama namba hizo mbili za mwisho kwa muda mrefu. Kurudia kusoma neno ambalo tayari umelikumbuka kuliwaongezea karibu na sifuri. Kuulizwa kuliongeza zaidi ya maradufu.

Lakini kilichoniuma ni kipande kingine. Kabla hawajaondoka siku ya kwanza, kila mmoja aliulizwa anadhani atakumbuka mangapi wiki ijayo. Makundi yote manne yalitabiri karibu nusu. Hakuna kundi lililojihisi tofauti na lingine. Aliyekuwa anaelekea kwenye asilimia 80 na aliyekuwa anaelekea kwenye 33 waliondoka chumbani wakiwa na imani ileile.

Nikamkumbuka yule mwanafunzi wa daftari la manjano. Hakunidanganya aliposema akiwa na daftari anaelewa kila kitu. Ndivyo alivyohisi kwa dhati. Jicho likishazoea ukurasa, ukurasa unateleza, na mtelezo huo mtu anauhesabu kuwa ni ujuzi.

Halafu nikageuza lile jaribio upande wetu. Kwa Mmarekani yule, mashua ni sauti isiyoshika popote. Kwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, majina ya mishipa ya fahamu ya kichwa, majina ya dawa yanayofanana mwishoni, majina ya vijidudu ya Kilatini, yote ni mashua. Anaingia kozi ya afya na kukuta lugha nzima ya kigeni imefichwa ndani ya somo. Kama kuna wanafunzi ambao lile jaribio linawahusu, ni hawa.

Wiki ya 3, Ijumaa

Nyongeza fupi. Mwaka 2009 Karpicke, Butler na Roediger waliwauliza wanafunzi 177 wa chuo wanavyosoma wakiwa peke yao. Asilimia 84 walitaja kurudia kusoma notisi au kitabu. Waliotaja kujiuliza na kujaribu kukumbuka walikuwa asilimia 11. Mwenzangu wa maabara ananiambia tusidhani wetu watafanana na hao mpaka tuwaulize. Sawa. Ndiyo kazi yetu.

Wiki ya 4

Maneno 40 si wodi. Nilihitaji kujua kama jambo hili linashika kwenye mafunzo ya afya yenyewe.

Douglas Larsen na wenzake walilijaribu kwa madaktari waliokuwa kwenye mafunzo ya ubingwa wa watoto na wa dharura, wakachapisha mwaka 2009. Mada zilikuwa mbili: degedege isiyokoma na ugonjwa wa udhaifu wa misuli uitwao miasthenia gravisi. Kila daktari alifundishwa zote, kisha mada moja akawa anapewa maswali yenye majibu ya kujisahihisha, na nyingine anapewa karatasi ya muhtasari aipitie, mara tatu katika majuma machache. Baada ya miezi kama 6 walipimwa. Mada waliyokuwa wakiulizwa, wastani ulikuwa asilimia 39. Ile waliyokuwa wakipitia muhtasari, 26.

Mwenzangu alizitazama namba hizo kwa masikitiko: hata 39 ni ndogo, na hawa ni madaktari. Ni kweli. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, tunajua kwamba kusahau huanza haraka sana halafu mwendo ukapungua. Kusahau ndiyo hali ya kawaida ya kichwa. Mazoea ya kusoma ni namna ya kushindana nayo, na wengine wanashindana kwa silaha isiyofaa.

Kuna pia utafiti wa Francis Deng, Gluckstein na Larsen wa mwaka 2015, ambao hawakupanga jaribio bali waliwatazama wanafunzi wa udaktari wakijiandaa kwa mtihani wa leseni wa Marekani. Baada ya kuzingatia mambo mengine ya kitaaluma na ya kisaikolojia, kila maswali 445 ya ziada ya mazoezi, au kila kadi 1,700 za Anki (programu ya kadi za maswali), yaliendana na ongezeko la alama moja. Alama moja! Niliposoma mara ya kwanza nilivunjika moyo. Baadaye nikaona huo ni ukweli mtupu wa kazi hii. Faida ipo, inajengwa kwa vitu vidogo vingi, na anayeahidi miujiza kwa kadi za maswali anawapotosha vijana.

Wiki ya 5

Wiki nzima tumeimaliza kwenye dodoso, na kubwa lililotusumbua ni neno moja.

Madodoso yaliyotengenezwa tayari yapo. MSLQ ya Pintrich na wenzake, dodoso la motisha na mbinu za kujifunza la mwaka 1991, ina vipengele 81. Dodoso la Biggs, Kember na Leung la mwaka 2001 lina 20 tu, na linatenganisha kusoma kwa kina na kusoma kwa juujuu, wazo lililotokana na kazi ya Ference Marton na Roger Säljö wa Sweden mwaka 1976. Tumechagua kuanza na lile fupi, kwa sababu mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku hajazi vipengele 81 kwa moyo mweupe, halafu tuongeze vipengele vyetu kuhusu kujiuliza, kutawanya vipindi vya kusoma, na usingizi.

Tukaanza kutafsiri, ndipo tukakwama kwenye "kusoma".

Kwa Kiswahili, ninayepitisha macho kwenye maandishi nasoma. Ninayejiandaa kwa mtihani nasoma. Ninayechukua shahada ya famasia nasoma famasia, hata kama sijafungua kitabu tangu mwezi uliopita. Ukimuuliza kijana "unasoma vipi?" neno lenyewe limeshampa jibu: nasoma kwa kusoma. Je, hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya kurudia notisi kuonekane kuwa ndiyo kazi yenyewe, na kujiuliza kuonekane kuwa ni mtihani, kitu cha kufanyiwa na mwalimu? Sina namna ya kulithibitisha, na sitaliweka kwenye ripoti, lakini limekaa kichwani mwangu siku tatu.

Tukaanza kupanga maneno mezani. Kujisomea tumelitumia kwa muda wa mtu peke yake nje ya kipindi. Kudurusu kwa kurudi kwenye jambo lililokwisha kufundishwa. Kukariri tumelijadili kwa saa nzima. Siku hizi ni neno la lawama, "huyu anakariri tu", na mtu akiliona kwenye dodoso atakana hata kama ndiyo kazi anayoifanya kila siku. Tena si haki, kwa maana kuna mambo katika afya ambayo lazima yakaririwe. Hakuna anayekokotoa upya viwango vya kawaida vya potasiamu kila anapopokea majibu ya maabara. Tumeliondoa neno, tukaandika kitendo: "Natamka orodha kwa sauti mpaka niiseme bila kutazama."

Kanuni tuliyoipata hapo tumeifanya ya dodoso zima. Tusiulize sifa, tuulize vitendo. Hatuandiki "Mimi ni mtu wa kujituma". Tunaandika "Wiki iliyopita nilirudi kwenye mada iliyofundishwa siku saba au zaidi kabla yake." Mtu anaweza kuwa na maoni mazuri kuhusu nafsi yake, ni vigumu zaidi kuwa na maoni kuhusu Jumanne iliyopita.

Wiki ya 6

Maombi ya kamati ya maadili yamewasilishwa. Swali gumu walilotuuliza, na wana haki: mimi ndiye ninayesahihisha mitihani ya baadhi ya watakaojaza. Atakayekataa atahisi yuko huru kweli? Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliandikwa kwa ajili ya utafiti wa kitabibu, lakini moyo wake, kwamba ridhaa ni ya hiari ama si ridhaa, unatuhusu moja kwa moja. Tumekubaliana kwamba dodoso litasambazwa na mtu asiyefundisha wala kusahihisha, kila mshiriki atakuwa na namba badala ya jina, na mtu wa takwimu ndiye atakayeunganisha namba hizo na alama. Mimi sitaona jibu la mtu yeyote.

Wiki ya 7

Tumeanza kulijaribu dodoso kwa wanafunzi wachache wa kujitolea kutoka chuo jirani. Kila mmoja anasoma swali kwa sauti na kutueleza ameelewa nini. Ni kazi ya polepole, na ndiyo wiki niliyojifunza mengi kuliko zote.

Kipengele cha "Ninapojisomea huwa najipima" kilianguka mara ya kwanza tu. Mwanafunzi wa uuguzi alifikiri tunamuuliza kama anapima shinikizo la damu na uzito. Na kwa nini asifikiri hivyo? Kwa watu wa afya, kujipima ni kujipima. Sasa kinasomeka: "Nafunga daftari na kuandika ninachokumbuka, kisha nafungua kusahihisha."

Kipengele hichohicho kilipobadilishwa, mwanafunzi mwingine alinyamaza kidogo, akasema, "Hapana. Hilo silifanyi. Nikifunga daftari naogopa." Nikamuuliza anaogopa nini. "Naogopa kuona sijui, dada. Afadhali nisome tena."

Sijasoma kwenye makala yoyote sentensi inayoeleza jambo hili kwa ufupi kama ile. Tunasema vijana hawajui mbinu bora. Huyu anajua, ila mbinu bora inamwonyesha upungufu wake saa nne za usiku akiwa peke yake, na mbinu duni inamfariji. Anachagua kufarijiwa, hasa akiwa na mtihani kesho. Mwanasaikolojia Robert Bjork alikwisha kueleza miaka ya 90 kwamba ugumu wa aina fulani wakati wa kujifunza ndio unaofanya jambo lidumu. Lakini ugumu huo, ukiuonja, una ladha ya kushindwa.

Mwingine, wa famasia, ana kadi alizozikata mwenyewe kutoka karatasi za zamani: jina la dawa upande huu, kundi na madhara upande wa pili. Anazipitia akiwa kwenye foleni na kwenye gari. Aliposikia swali la saa za kusoma alijibu, "Sina saa nyingi." Alikuwa hazihesabu zile za kadi, kwa sababu kwake kusoma ni kukaa mezani na kitabu. Lile neno tena.

Na kuna kijana wa utabibu ambaye wenzake humtegemea kwenye diskasheni. Yeye ndiye huwaeleza. Anasema hana mbinu yoyote, yeye "husaidia tu watu." Kila jioni anaufukua mzunguko wa damu kutoka kichwani mwake na kuuchora ubaoni, wengine wakinakili. Anayenufaika zaidi na kikao kile ni yeye, na hakuna kati yao anayelijua hilo. Tumeongeza kipengele: katika majadiliano ya kikundi, wewe huwa unaeleza au unasikiliza?

Wiki ya 8

Nimekuwa nikiuliza mazoea bila kuuliza upande wa pili wa mlinganyo. "Matokeo" ni nini hasa?

Alama ya mtihani wa kuchagua jibu na alama ya mtihani wa vituo, ule ambao mwanafunzi anahama meza hadi meza kengele ikilia, mara amtulize mgonjwa wa kuigiza, mara achome sindano kwenye mkono wa mpira, si kitu kimoja. Ronald Harden na wenzake waliuanzisha mtindo huo wa vituo mwaka 1975 kule Uskoti kwa sababu waliona mitihani ya kliniki ya wakati huo inategemea mno bahati ya mgonjwa uliyempata na msahihishaji uliyeangukia. George Miller naye, mwaka 1990, alichora piramidi yake: chini anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, juu zaidi anaonyesha, na kileleni anafanya kazini. Kusoma kwa kadi kunaweza kumfikisha mtu vizuri ghorofa ya chini. Kama nitachukua GPA moja na kuiita matokeo, nitakuwa nimezipondaponda ghorofa zote kuwa namba moja.

Kwa hiyo tutachukua alama tatu kila moja peke yake: nadharia, vituo, na tathmini ya wodini.

Halafu nilifanya jambo ambalo mradi haukunituma. Nilichukua mtihani wangu wa mwaka jana, ule uleule alioangukia mwanafunzi wa daftari la manjano, nikapitia swali moja moja nikiuliza: hili linamtaka ataje, au linamtaka afikiri? Zaidi ya nusu yalimtaka ataje. Taja madhara manne. Orodhesha makundi matano. Na mimi ndiye ninayewaambia darasani waelewe, wasikariri.

Hili si doa dogo kwenye utafiti. Mtihani ukiuliza orodha, anayekesha na orodha usiku mmoja atapata alama, na dodoso langu litaonyesha kwamba kusoma juujuu kunalipa. Litakuwa limesema kweli, kuhusu mtihani wangu. Mazoea hayakui hewani; yanakua kuelekea kwenye kinachoulizwa. Tumeongeza kwenye mpango wa uchambuzi kwamba kila mtihani utapangwa kwanza kulingana na aina ya maswali yake, na mwenzangu ndiye atakayepanga, si mimi.

Wiki ya 9

Mambo madogo. Nimeondoa swali lililouliza kama mwanafunzi ni wa kuona, kusikia au kutenda. Wanafunzi wanalipenda, walimu wanalipenda, lakini Pashler na wenzake walipolipitia mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunaboresha anachojifunza. Nafasi yake imechukuliwa na maswali mawili ya usingizi.

Alfa ya Cronbach, kipimo cha kama vipengele vya fungu moja vinakwenda pamoja, itakokotolewa kwa kila fungu, na alama za kidato cha mwisho zitaingia kwenye hesabu kabla ya mazoea. Mpango mzima wa uchambuzi umeandikwa, umetiwa saini na kufungwa kabla hatujaona jibu hata moja. Mtu wa takwimu anasema ndivyo mtafiti anavyojifunga mikono asije akachagua matokeo anayoyapenda.

Wiki ya 10

Nimeharibu kitu, na nimekiri kwenye kikao cha leo.

Tangu wiki ya 7, ile sentensi ya "nikifunga daftari naogopa" haikuniacha. Nimekuwa nikianza kila kipindi kwa maswali matatu ya kipindi cha wiki iliyotangulia. Daftari zimefungwa, kila mtu anaandika kwenye karatasi yake, hakuna alama, hakuna anayekusanya. Kisha tunafungua na kujisahihisha pamoja. Siku ya kwanza walinung'unika. Siku ya pili mmoja aliuliza kama anaweza kuandika tu asichokijua. Nikamwambia ndiyo, andika hivyohivyo, kisha utafute.

Nilisahau kwamba darasa hili lilikuwa kwenye sampuli. Mtafiti anayebadilisha mazoea ya watu anaotaka kuyapima hapimi tena walivyo, anapima alivyowafanya.

Mtu wa takwimu alinipa njia mbili: niache maswali yale mpaka data ikusanywe, au darasa langu litoke. Mwenzangu alitaka niache, ni wiki chache tu, na darasa lile ni kubwa, litatupunguzia nguvu ya sampuli. Nimemwelewa. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu ambao kesho watachanganya dawa ya sindano, nikaacha kwa makusudi jambo ninaloamini linawasaidia ili dodoso langu libaki safi. Kama ningekuwa na shaka ya kweli kuhusu faida yake, ningekubali kusubiri. Baada ya wiki ya 3 na ya 4, shaka hiyo sina.

Darasa langu limetoka. Tutaomba kibali cha kuongeza wanafunzi wa maabara wa mwaka wa tatu kuziba pengo.

Yule mwanafunzi wa daftari la manjano yumo darasani humo, anarudia somo. Nilimwita wiki hii, safari hii nikamuuliza maswali niliyopaswa kumuuliza mwanzo: unaanza siku gani, unaanzia wapi, unajuaje kwamba umeelewa. Hilo la mwisho alilifikiria sana. Akasema, "Nikiona kurasa zimeisha."

Wiki ya 11

Kibali kimetoka. Dodoso lina vipengele 34, linajazwa kwa muda wa kipindi cha mapumziko, na litasambazwa Jumatatu na mhudumu wa maktaba. Mimi sitakuwapo jengoni siku hiyo.

Swali la saa za kusoma limebaki, lakini limesogezwa hadi namba 29. Namba 1 sasa inasomeka hivi: "Fikiria mara ya mwisho ulipojisomea. Ulipofunga daftari, ulifanya nini kabla ya kuondoka?" Chini yake hakuna visanduku vya kuchagua. Kuna mistari mitatu mitupu.